Tazama Kinachotoka: Majibu kwa Wenye Mashine za Kupukuchua na Kupura

Barua za msimu huu nyingi zinahusu mashine ndogo za kupukuchua mahindi na kupura mpunga au maharage. Tumechagua saba. Kabla ya kuzisoma, zoeeni jambo moja: simamisheni kazi kila baada ya magunia machache, mtazame kinachotoka kwenye kila mdomo wa mashine. Punje iliyopasuka, gunzi lililobaki na punje, punje nzima iliyorushwa na makapi: kila moja ina chanzo chake na tiba yake.

Kikundi chetu cha wakulima 12 kimenunua mashine ya kupukuchua yenye injini ya petroli ya hosipawa 6.5. Mahindi yanatoka yamepasuka, na mnunuzi ameukataa mzigo. Fundi anasema tuyasogeze meno ya dramu karibu na wavu. Puli ya injini ni inchi 4, ya dramu ni inchi 12.
*Wakulima, Mbozi, Songwe*

Msisogeze meno. Mkipunguza nafasi kati ya meno na wavu, punje zitapasuka zaidi. Anzeni na unyevu, kisha kasi, kisha namna ya kulisha. Nafasi ya meno ni ya mwisho.

Okoteni konzi moja ya punje zilizoharibika. Zikiwa laini, zimepondeka, na ncha zake zimebaki kwenye gunzi, mahindi ni mabichi. Zikiwa zimekatika wazi na kutoa unga mweupe mkavu, mahindi yamekauka kupita kiasi au dramu inakwenda mbio mno. Hindi huwa limekomaa linapoonyesha kidoa cheusi kwenye ncha ya punje, lakini wakati huo bado lina unyevu wa asilimia 30 hivi au zaidi. Kukomaa na kukauka ni mambo mawili, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Pukuchueni unyevu ukiwa kati ya asilimia 13 na 15.

Asiye na kipimo cha unyevu atumie chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, ya mililita 750 hivi. Jaza punje hadi robo au theluthi, kisha tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi ya mezani iliyoanikwa juani ikakauka kabisa. Tikisa kwa dakika 1, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisheni mahindi juani. Chumvi isipoganda, uko chini ya 15. Chumvi yenye unyevunyevu wake mwenyewe itawadanganya, kwa hiyo msichukue ile iliyokaa wazi jikoni.

Sasa kasi, na hapa ndipo tunapoona tatizo lenu. Pimeni kipenyo cha dramu kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino la upande wa pili. Tuseme ni sentimita 30. Kila dramu inapozunguka mara moja, ncha ya jino husafiri sentimita 94. Injini ya aina hiyo ikiwa kazini huzunguka kama mara 3,000 kwa dakika. Zidisheni kwa puli ya injini, gawanyeni kwa puli ya dramu: 3,000 × 4 ÷ 12 = mizunguko 1,000 kwa dakika. Hiyo ni karibu mita 16 kwa sekunde kwenye ncha ya jino. Mahindi makavu yanataka mita 9 hadi 11. Mashine yenu imefungwa kwa kasi ya mpunga.

Tafuteni puli ya inchi 3 kwa injini na ya inchi 14 kwa dramu: 3,000 × 3 ÷ 14 = mizunguko 643, yaani mita 10 kwa sekunde. Puli ya injini isishuke chini ya inchi 3 kwa mkanda wa aina ya A, kwa sababu mkanda ukikunjwa kwenye duara dogo mno hupata nyufa kwa ndani na kukatika mapema. Mkanda wa zamani huenda ukawa mfupi kwa inchi 2 hivi. Zungusheni kamba kwenye puli zote mbili, mpime, mwende dukani na kipimo hicho. Puli zile mbili mlizotoa zitunzeni, zitafaa kwa mpunga.

Msitake kupata kasi hiyo kwa kupunguza mafuta tu. Injini ikishushwa sana hukosa nguvu, dramu hukwama gunzi nene linapoingia, na upepo wa feni hupungua kiasi cha kuacha makapi ndani ya mahindi. Kumbukeni pia kwamba kama feni inaendeshwa na mkanda kutoka kwenye shafti ya dramu, mkishusha dramu mmeishusha na feni. Ikionekana dhaifu, badilisheni puli ya feni iwe ndogo kidogo.

Halafu kulisha. Dramu inayopewa hindi mojamoja huvunja zaidi kuliko iliyojaa, maana punje zinapigwa mara nyingi zikiwa peke yake, hazina mahindi mengine ya kupunguza kishindo. Lisheni mfululizo, mlio wa injini ubaki uleule. Mlio ukizama, mmezidisha.

Mkimaliza marekebisho, hesabuni punje 100 kutoka sehemu tatu za rundo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinaruhusu punje zilizovunjika zisizozidi asilimia 2 ya uzito kwa daraja la kwanza, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hesabu ya punje si sawa na mizani, lakini mkikuta tano au sita kati ya 100, msipakie mzigo.

Je, mashine ya mahindi inaweza kupura mpunga? Tulipojaribu, mpunga mwingi ulikwenda na majani. Tumeambiwa tuuache shambani ukauke siku tano kwanza.
*Msomaji, Mbarali, Mbeya*

Siku tano ni hasara. Mpunga uliokatwa na kulazwa shambani hulowa umande usiku, hukaushwa na jua mchana, na punje hupata nyufa za ndani zisizoonekana. Nyufa hizo ndizo zinazotoa chenga nyingi mnapofika kwenye mashine ya kukoboa, na mtamlaumu mwenye kinu bure. Kateni pale punje 80 hadi 85 kati ya kila 100 kwenye suke zinapokuwa na rangi ya majani makavu. Pureni siku hiyohiyo au kesho yake, mpunga ukiwa bado na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Mashine ya meno inaupura vizuri katika hali hiyo. Anayehitaji mpunga mkavu zaidi ni anayepiga kwa mkono.

Ama kuhusu mashine yenyewe, nyingi za mahindi hazifai. Dramu yake ni fupi na haina njia ya kusukuma majani nje; yanajizungusha kwenye shafti mpaka mkanda unateleza na kunuka. Mashine ya kupura mpunga ina dramu ndefu, na ndani ya kifuniko chake cha juu kuna mabati yaliyowekwa kimshazari. Mabati hayo huyaongoza majani yazunguke huku yakisogea upande wa pili, na mwisho wa dramu kuna mapanga ya kuyarusha nje. Punje hudondoka njiani kupitia wavu. Zipo mashine zinazotengenezwa kwa mazao kadhaa, zenye nyavu na puli za kubadilisha, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, ni miongoni mwa taasisi zilizobuni za aina hiyo. Kama yenu ni mojawapo, wekeni wavu wa mpunga, kasi ya ncha ya jino iwe mita 12 hadi 16 kwa sekunde, na nafasi kati ya ncha ya jino na wavu iwe milimita 25 hivi.

Kisha pimeni upotevu, msikisie. Tandikeni turubai safi mahali majani yanapoangukia. Mashine ikiwa imekolea, kusanyeni majani ya dakika 1 kamili, na kwa dakika hiyohiyo mkusanye mpunga unaotoka kwenye mdomo wake. Kung'uteni majani, pepeteni, pimeni vyote viwili. Mashine inayotoa kilo 5 za mpunga kwa dakika haipaswi kuacha kwenye majani zaidi ya gramu 150. Hizo hujaza kikombe cha robo lita, basi.

Mkipata zaidi, angalieni mpunga huo umepoteaje. Ukiwa bado umeshika kwenye masuke, ongezeni kasi kidogo au mpunguze nafasi. Zikiwa ni punje huru zilizojificha ndani ya majani, mnalisha kwa wingi mno, au majani ni mabichi, au wavu umezibwa na matope na vipande vya majani: zimeni injini, vueni mkanda, usugueni wavu. Punje nzima zikionekana upande wa feni pamoja na mapepe, upepo ni mkali; zibeni nusu ya tundu la feni mtazame tena. Rekebisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkibadilisha viwili pamoja hamtajua kilichosaidia.

Mpunga ukishapurwa ukiwa na unyevu huo hauwezi kungoja ndani ya magunia. Hupata joto na kubadilika rangi. Anzeni kuuanika ndani ya saa 24, tabaka lisizidi sentimita 4, ukigeuzwa kila nusu saa, hadi asilimia 14.

Maharage yanapasuka vipande viwili. Nataka kubakiza mengine kwa mbegu.
*Mama mkulima, Karagwe, Kagera*

Mama, harage ni zao dhaifu kuliko yote yanayopita kwenye mashine hizi. Nusu zake mbili za ndani zimeshikana kidogo tu, na kiini cha mbegu kimekaa pembeni kabisa, kwa hiyo pigo dogo hulikata. Punguza kasi iwe mita 7 hadi 8 kwa sekunde. Kwa dramu ya sentimita 30, puli ya inchi 3 kwenye injini na ya inchi 18 kwenye dramu itakupa mizunguko 500 kwa dakika, nayo ni kasi inayofaa. Ongeza nafasi ya meno, na kama meno yana kingo kali, mpe fundi azipige msasa.

Usipure saa nane mchana maharage yaliyoshinda juani. Yakishuka chini ya unyevu wa asilimia 12 huvunjika kama kioo. Pura asubuhi, umande ukishakauka kwenye maganda ya nje lakini kabla jua halijakolea.

Kwa mbegu, tunakushauri uendelee kupiga kwa fimbo, polepole, kwenye turubai, hata kama mashine unayo. Harage linaweza kuonekana zima huku kiini kimepasuka. Ukipenda kujua, chukua maharage 100 yaliyopita kwenye mashine na 100 ya fimbo, yaoteshe kwenye mchanga wenye unyevu, hesabu baada ya siku 7 hadi 10. Utaona tofauti mwenyewe.

Mahindi yenye ukungu kidogo, tukiyapukuchua pamoja na mazuri kisha tukapepeta, si yatachambuka?
*Msomaji, Kitui, Kenya*

Hapana, na tafadhali msifanye hivyo. Hindi likiwa gunzini mnaona ukungu uko wapi. Mnaweza kulitupa zima au kukata sehemu mbaya. Likishapita kwenye mashine, punje zenye sumu zimetawanyika kwenye gunia zima, na vumbi la ukungu limepaka zile safi. Feni huondoa vyepesi tu, na punje nyingi zenye sumukuvu zina uzito wa kawaida. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika wilaya za mashariki mwa Kenya, Kitui ikiwemo. Mwaka 2016 yaliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Kwa hiyo wekeni watu wawili mbele ya mashine wasio na kazi nyingine ila kuchambua mahindi kabla hayajalishwa. Yaliyotolewa yasipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita kwenye maziwa. Mkipukuchua yaliyooza kwa bahati mbaya, safisheni mashine yote, pembe za chini ya wavu zikiwemo, kabla ya gunia linalofuata.

Injini inawaka vizuri asubuhi, baada ya saa mbili inazima. Ikipumzika inawaka tena.
*Kijana mwenye mashine, Kibaigwa, Dodoma*

Anza na kichujio cha hewa. Maelekezo ya injini hizi husema kisafishwe kila saa 50, lakini hiyo ni kwa mahali pasipo vumbi. Kwenye kupukuchua, kifungue kila siku. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke, itiwe matone ya oili safi na kukamuliwa. Cha karatasi kigongwe taratibu, kisioshwe.

Pili, oili. Injini ya hosipawa 6.5 hubeba lita 0.6 tu, na hakuna akiba ya kupoteza. Kagua kila asubuhi mashine ikiwa mahali tambarare. Mwaga ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Sisi tungesema kila saa 50 kwa vumbi la Kibaigwa. Injini nyingi za aina hii zina kizimio cha usalama: oili ikipungua, au mashine ikiwa imeinama, inazima yenyewe. Wengi wamebadilisha plagi na kabureta bure kumbe gurudumu moja lilikuwa shimoni.

Tatu, fungua kifuniko cha tangi injini inapozima. Ukisikia hewa ikivutwa na injini ikawaka papo hapo, tundu la kupumulia la kifuniko limezibwa. Lizibue kwa sindano. Pia angalia mapezi ya kupoozea yaliyozunguka silinda. Pumba zikijaa hapo injini huchemka. Pengo la plagi liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Wala usichanganye oili kwenye petroli kama ya bomba la kupulizia dawa, hii si injini ya aina hiyo.

Vijana wetu wanasukuma mahindi kwa mkono. Tuwaambieje?
*Msomaji, Trans Nzoia, Kenya*

Wakatazeni leo. Mkono ukishikwa na dramu inayozunguka mara 600 kwa dakika, hakuna anayewahi kuzima. Mdomo wa kulishia uwe na sinia ndefu kuliko mkono wa mtu mzima, kutoka ukingoni hadi kwenye meno. Kama ni fupi, fundi wa kuchomelea aongeze bati. Mahindi yasukumwe kwa kipande cha mti kisichozidi upana wa mdomo. Mkanda na puli vifunikwe kwa wavu wa chuma. Leso, shuka, shali na mikono mipana ya koti haviji karibu. Nywele ndefu zifungwe. Mashine ikikwama: zima, subiri dramu isimame kabisa, vua waya wa plagi, ndipo mfungue. Watoto wakae mbali.

Elekezeni mashine ili upepo upeleke vumbi upande usio na watu, na moshi wa injini uende hukohuko. Msiiwashe ndani ya ghala, moshi wake unaua bila kuonekana. Makapi makavu yasilundikane karibu na sailensa, na ndoo mbili za mchanga ziwepo.

Ninunue, au niendelee kukodi? Nalima ekari tatu.
*Msomaji, Namtumbo, Ruvuma*

Kwa ekari tatu peke yake, kodi. Mashine hulipa kwa magunia ya majirani. Fanya hesabu hii kwa bei za kwenu. Za hapa ni za mfano tu. Mashine ya shilingi 2,500,000 ikitumika miaka 5 inakula 500,000 kila mwaka. Weka 250,000 za matengenezo. Jumla 750,000. Ukitoza 2,000 kwa gunia, na petroli pamoja na mwendeshaji vikachukua 800, unabaki na 1,200. Gawanya: magunia 625 kwa mwaka ndipo unarudisha fedha, hujapata faida bado. Kwa magunia 10 kwa saa, hizo ni saa 63, kama siku 10 za kazi. Je, kuna magunia 625 kwenye vijiji unavyoweza kufika na mashine hiyo ndani ya msimu mmoja? Kama hayapo, ungana na wenzako au kodi.

Ukiamua kununua, nenda na magunia mawili ya mahindi yako yenye magunzi yake na uijaribu nayo. Zungusha dramu kwa mkono mkanda ukiwa umevuliwa: iende laini, isisugue, isiwe na mchezo wa juu na chini. Muulize muuzaji namba za beringi na mkanda, kisha uzitafute kwenye maduka ya vipuri ya mji ulio karibu nawe kabla ya kulipa. Siku hiyohiyo nunua akiba ya kubaki kwenye boksi la mashine: mikanda miwili, beringi mbili za dramu, plagi moja, bolti za meno sita na nati zake, pamoja na spana inayozifaa.